Tuzihesabu Dozi za Prednisoloni: Pumu na Kisukari katika Mkoa wa Simiyu

Pumu na kisukari ni magonjwa yanayodhaniwa kuwa hayana undugu. Pumu ni ya kifua. Kisukari ni cha homoni. Mgonjwa wa pumu huja akihema, wa kisukari huja akilalamikia kiu na kukojoa mara kwa mara. Katika hospitali nyingi hata siku za kliniki zao ni mbalimbali. Lakini kipo kidonge kimoja kidogo, cha bei nafuu na chenye nguvu nyingi, ambacho huyakutanisha magonjwa haya mawili ndani ya mwili wa mtu mmoja. Kidonge hicho ni prednisoloni.

Hoja ninayoitoa katika makala haya ni moja. Kila dozi ya prednisoloni anayopewa mgonjwa wa pumu ihesabiwe na kuandikwa katika daftari lake. Na dozi ya pili ndani ya mwaka mmoja ichukuliwe kuwa ni ushahidi kwamba mgonjwa huyo hapati dawa ya kinga ya kuvuta, au anaipata lakini haifiki mapafuni. Kwa neno dozi nakusudia vidonge vyote vya siku 5 hadi 7 vinavyotolewa kwa shambulio moja, wala si kidonge kimoja kimoja.

Mkoa wa pamba, vumbi na moshi

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Bariadi. Una wilaya tano: Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 2, wengi wao wakulima na wafugaji, na zao lao kuu la biashara ni pamba. Mwenye pumu anayeishi hapa hana haja ya kufundishwa vichokozi vya ugonjwa wake, maana anavijua kwa majina: vumbi la kiangazi, moshi wa kuni na mabua jikoni, moshi wa masalia ya pamba yanayochomwa baada ya mavuno, vumbi la maghala na viwanda vya kuchambua pamba, na mafua yanayopita nyumba kwa nyumba.

Kwa mgonjwa wa Mwandoya au Malampaka, daktari bingwa yuko mbali. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko Bariadi, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando iko Mwanza. Kwa hiyo mwenendo wa ugonjwa wake hauamuliwi na sisi mabingwa. Huamuliwa na zahanati, kituo cha afya na duka la dawa lililo jirani. Ndiyo maana maneno haya nayaelekeza kwanza kwa watoa huduma wa ngazi hizo na kwa wagonjwa wenyewe.

Historia za wagonjwa wanaofika kwetu kwa rufaa zinafanana mno. Kifua kilibana, mgonjwa akapelekwa kituoni usiku, akachomwa sindano, akapewa prednisoloni na vidonge vya salbutamoli, akapata nafuu, akarudi nyumbani. Baada ya miezi miwili kifua kikabana tena, na safari hii ndugu yake akaenda dukani kununua vidonge vile vile bila cheti cha daktari. Mara ya tatu, ya nne na ya tano zikafuata. Kila shambulio lilitibiwa. Pumu yenyewe haikutibiwa hata siku moja.

Moto na maji

Pumu ni ugonjwa wa mirija ya hewa iliyovimba na kuwa mwepesi wa kuchokozeka. Uvimbe huo haumaliziki shambulio linapokwisha. Mgonjwa anaweza kulima, kuimba na kucheza ngoma huku mirija yake ikiendelea kuvimba taratibu. Kichokozi kikitokea, misuli inayoizunguka mirija hiyo hukaza, makohozi huziba nafasi iliyobaki, na pumzi hugeuka filimbi.

Kwa sababu hiyo dawa za pumu ni za aina mbili, na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza ni ya kufungua: salbutamoli, ambayo hulegeza misuli ndani ya dakika chache lakini haigusi uvimbe. Ya pili ni ya kinga: steroidi ya kuvuta, kama bekilometasoni au budesonaidi, ambayo hupunguza uvimbe siku baada ya siku. Anayetumia salbutamoli peke yake ni kama mtu anayefungua dirisha ili moshi utoke ilhali moto ameuacha ukiwaka.

Hilo si wazo langu binafsi. Mwaka 2019 jopo la kimataifa la pumu, linalojulikana kwa kifupi kama GINA, liliacha kupendekeza kwamba mtu mzima au kijana wa kuanzia miaka 12 atibiwe kwa salbutamoli pekee. Likaelekeza kwamba kila mmoja wao apate steroidi ya kuvuta, iwe kila siku au pamoja na dawa ya kufungua anapobanwa. Sababu ni nzito: mgonjwa anayemaliza pampu 3 au zaidi za salbutamoli kwa mwaka yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata mashambulio makali, na anayefikia 12 yumo katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa pumu iliua watu 455,000 mwaka 2019, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako dawa ya kinga ni adimu.

Vidonge vya salbutamoli navyo vimezoeleka kwetu kuliko inavyostahili. Kidonge hupita tumboni, huingia katika damu, hutetemesha mikono, huenda mbio na moyo, na mwishoni ndipo kiasi kidogo hufika mapafuni. Dawa ile ile ikivutwa kwa pampu hufika panapouma kwa haraka zaidi na kwa kiasi kidogo zaidi.

Homoni inapozidi

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo iitwayo adrenali. Tezi hiyo hutoa homoni ya kotisoli, ambayo hutusaidia kustahimili njaa, maradhi na mshtuko. Mwaka 1948, katika hospitali ya Mayo Clinic nchini Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimpa mgonjwa wa baridi yabisi homoni ya jamii hiyo, kotisoni, na mgonjwa aliyekuwa hawezi kutembea akaanza kutembea baada ya siku chache. Mwaka 1950 Hench alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Edward Kendall na Tadeus Reichstein. Lakini madaktari wa wakati huo huo waliona pia upande wa pili: uso kuvimba, mifupa kudhoofika, na sukari kupanda.

Prednisoloni ni ndugu wa kotisoli, ila ina nguvu karibu mara nne. Anayeimeza humeza homoni, na homoni haichagui kiungo. Hutuliza mirija ya hewa, ni kweli. Lakini pia huliamuru ini limwage sukari katika damu, na huifanya misuli isiisikie insulini. Insulini ni homoni ya kongosho, na kazi yake ni kuingiza sukari katika chembe za mwili. Isiposikilizwa, kongosho hulazimika kuitoa kwa wingi. Lenye nguvu hustahimili. Lililokwisha kuchoka hushindwa, na sukari hubaki ikielea katika damu. Hicho ndicho kisukari.

Nchini Tanzania wenye makongosho yaliyochoka si wachache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwakuta takriban watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wakiwa na kisukari, na wengi wao walikuwa hawajijui. Mtu wa namna hii akipewa dozi ya prednisoloni, sukari yake hupanda. Dozi ikiisha, huenda ikashuka. Akipewa tena na tena, kisukari kilichokuwa kimejificha hujitokeza. Na katika mkoa wetu kuna hatari ya tatu nyuma ya hizo mbili: kisukari huzidisha uwezekano wa kuugua kifua kikuu kwa mara mbili hadi tatu. Mgonjwa aliyeanza na pumu anaweza kuishia na maradhi matatu.

Kuna jambo jingine linalofichwa na mazoea yetu. Prednisoloni ya muda mrefu hunenepesha uso na tumbo, na katika jamii inayousifu unene mgonjwa hupongezwa kwamba amepona, mwili umerudi. Wapo hata wanaomeza deksamethasoni, ndugu yake mwenye nguvu zaidi, kwa ajili ya kunenepa tu. Uso wa mviringo wa namna hii si afya. Ni homoni iliyozidi.

Hesabu inayopaswa kutushtua

Mtu mzima aliyepata shambulio hupewa kwa kawaida miligramu 40 za prednisoloni kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 5, kwa siku 5. Hizo ni miligramu 200. Dozi tano za namna hiyo ni gramu 1. Utafiti mkubwa uliofanywa kwa wagonjwa wa pumu nchini Uingereza na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba madhara kama kisukari na kudhoofika kwa mifupa huanza kuongezeka mtu akishatumia kati ya nusu gramu na gramu 1 kwa jumla ya maisha yake. Dozi tatu hadi tano, basi, zinatosha kumfikisha mtu katika eneo la hatari. Mgonjwa wetu wa kila baada ya miezi miwili hulivuka ndani ya mwaka mmoja.

Sasa tuitazame dawa ya kinga. Budesonaidi ya kuvuta kwa kiasi cha maikrogramu 400 kwa siku, kila siku, kwa mwaka mzima, ni miligramu 146. Dawa hizi mbili hazilingani nguvu, kwa hiyo mizani hii isichukuliwe kuwa ni ulinganisho kamili. Hata hivyo inaonyesha ukubwa wa tofauti: kinga ya mwaka mzima ina uzito mdogo kuliko vidonge vya siku tano. Tena sehemu kubwa ya budesonaidi inayomezwa kwa bahati mbaya huharibiwa na ini kabla ya kuenea mwilini. Anayeiogopa pampu kwa sababu "ina steroidi", kisha akameza prednisoloni mara nne kwa mwaka, amekimbia mvua akaingia mtoni.

Prednisoloni isikataliwe

Nisieleweke vibaya. Shambulio kali la pumu huua kwa saa chache. Sukari iliyopanda kwa wiki moja hutibika. Mgonjwa aliyebanwa asinyimwe prednisoloni, hata akiwa na kisukari, hata akiwa mjamzito. Apewe mapema, kwa kipimo kamili, na sukari yake ifuatiliwe. Dozi fupi ya siku 5 hadi 7 haihitaji kupunguzwa kidogo kidogo, huachwa ikiisha.

Aliyeitumia kila siku kwa zaidi ya wiki tatu ni habari nyingine. Tezi zake za adrenali huenda zimelala kwa kuwa homoni ilikuwa ikiletwa kutoka nje. Akiiacha ghafla anaweza kupata uchovu mzito, kutapika, kizunguzungu, kushuka kwa shinikizo la damu, hata kuzimia, hasa akiugua malaria au akifanyiwa upasuaji. Huyu asiache dawa bila maelekezo, na kila anayemhudumia ajulishwe.

Lipo pia pingamizi la gharama. Mgonjwa husema, na kwa haki, kwamba pampu ya kinga ni ghali na haipatikani kirahisi, ilhali prednisoloni ipo kila mahali. Ni kweli kwamba kidonge ni rahisi siku ya kununuliwa. Lakini hesabu ya kaya haiishii dukani. Iongezwe nauli ya usiku, siku za kazi zilizopotea wakati wa palizi au mavuno, kulazwa, na baadaye dawa za kisukari kwa maisha yote. Kilichoonekana rahisi kitakuwa kimegharimu ng'ombe.

Wengine husema pampu hulevya, kwamba ukiianza huiachi, au kwamba ni dawa ya waliofikia mwisho. Hayo si kweli. Mgonjwa huendelea na dawa ya kinga kwa sababu pumu inaendelea, kama vile mwenye kisukari anavyoendelea na dawa zake. Pampu ni mwanzo sahihi wa matibabu.

Kwa watoa huduma wenzangu

Kwanza, tuandike. Katika daftari la mgonjwa wa pumu kuwe na mstari mmoja tu: tarehe na idadi ya dozi za prednisoloni za miezi 12 iliyopita, pamoja na zile alizojinunulia. Tumuulize bila kumkaripia, la sivyo hatasema.

Pili, tuhakikishe ni pumu. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi apimwe kifua kikuu kabla ya kupewa steroidi mfululizo. Mzee anayehema akilala, na miguu imevimba, huenda ana ugonjwa wa moyo.

Tatu, tupime sukari kwa wakati unaofaa. Prednisoloni ikimezwa asubuhi, sukari hupanda zaidi mchana na jioni. Kipimo cha alfajiri kabla ya kula kinaweza kuwa kizuri na kikatudanganya. Anayetumia prednisoloni, hasa mwenye umri wa zaidi ya miaka 40, mnene, au mwenye ndugu wa kisukari, apimwe alasiri baada ya chakula cha mchana. Ikifika milimoli 11.1 kwa lita au zaidi, afuatiliwe, na apimwe tena dozi ikishaisha.

Nne, tumtazame akivuta. Pampu isiyotumiwa sawasawa ni sawa na pampu ambayo haipo. Mtoto, na mtu mzima aliyebanwa, hufaidika na chupa ya kupitishia dawa. Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni ili mdomo wa pampu ukae barabara bila kuvuja, ilifanya kazi sawa na kifaa cha dukani kwa watoto wenye shambulio. Chupa hizo tunazo. Tunazitupa kila siku.

Tano, tuulize dawa nyingine. Mgonjwa anayetumia dawa za virusi vya UKIMWI zenye ritonaviri asipewe budesonaidi ya kuvuta bila kufikiri, kwa kuwa ritonaviri huzuia ini lisiiharibu, na homoni ikajaa mwilini. Bekilometasoni inamfaa zaidi. Anayetumia dolutegraviri bila ritonaviri hana tatizo hili. Na propranololi, ambayo hutolewa kwa mapigo ya moyo au tezi ya shingo iliyozidisha kazi, inaweza kumfungia mwenye pumu mirija ya hewa.

Kwa mgonjwa na familia yake

Ndugu msomaji mwenye pumu, jua dawa yako ya kufungua na dawa yako ya kinga, na usizichanganye. Ya kinga hutumika hata siku usiyohisi kitu. Tikisa pampu, toa pumzi yote, funga midomo kuizunguka, bonyeza huku ukianza kuvuta polepole, kisha zuia pumzi hadi sekunde 10. Ukishavuta dawa ya kinga, sukutua na uteme maji, ili utando mweupe usiote mdomoni.

Ukipewa prednisoloni, uliza: hii ni ya ngapi mwaka huu? Na dawa yangu ya kinga iko wapi? Usiinunue mwenyewe, wala usimgawie jirani. Ukiona kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara usiku, au macho kufifia, nenda ukapimwe sukari. Na ukishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikibadilika rangi, usingoje kupambazuke. Vuta salbutamoli kupitia chupa mara 4 hadi 10, ukibonyeza na kuvuta moja moja, rudia kila baada ya dakika 20 katika saa ya kwanza, na uwe njiani kwenda hospitali.

Kwa wapangaji wa huduma

Budesonaidi, na mchanganyiko wake na fomoteroli, vimo katika Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mwongozo wa shirika hilo wa magonjwa yasiyoambukiza kwa ngazi ya msingi unaziweka pumu na kisukari katika furushi moja la huduma. Bunge limepitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Msingi wa sera upo. Kinachobaki ni kamati ya dawa ya kila wilaya kuiweka steroidi ya kuvuta katika maombi yake kwa Bohari ya Dawa, na kuipeleka mpaka kituo cha afya, si kuihifadhi hospitali ya mkoa peke yake.

Maombi hayo yanahitaji takwimu, na takwimu hazina budi kuanzia kwenye daftari la mgonjwa. Kituo kitakachoweza kuonyesha kwamba wagonjwa wake kadhaa wa pumu walimeza dozi mbili, tatu au nne za prednisoloni katika mwaka mmoja kitakuwa na hoja isiyopingika mbele ya kamati. Mstari mmoja wa kalamu hauhitaji bajeti. Tuanze nao kwa mgonjwa wa pumu atakayefuata kuingia mlangoni.